Vumbi Juu ya Mnara

Mama mkwe wa fundi miwani alianguka kutoka kwenye stuli akitundika pazia nyumbani kwake, akavunjika mguu juu kidogo ya goti. Hospitali wakamfunga plasta kuanzia pajani mpaka karibu na vidole, wakamwambia alale chali, mguu juu ya mito, mpaka watakapomwita tena. Hakuwa na mtu wa kumpikia wala wa kumgeuza, hivyo binti yake akamchukua. Chumba cha nyuma kilichokuwa kimejaa maboksi kikafagiliwa, kitanda kikaingizwa, na kwa kuwa mlango wa chumba hicho ulishaliwa na mchwa na kung'olewa, likatundikwa pazia zito la buluu mahali pake.

Fundi miwani alikuwa mtu wa haya. Kazi yake ilikuwa kusaga lenzi nyuma ya duka la miwani. Alitoka asubuhi na kurudi alasiri, mapema kuliko mkewe, ambaye alifundisha chekechea na kubaki na watoto mpaka wa mwisho achukuliwe na wazazi wake. Kwa hiyo kila siku kulikuwa na muda ambao nyumba nzima ilikuwa na watu wawili tu: yeye na mama mkwe. Na tangu aoe, maneno aliyowahi kuzungumza na mama mkwe wake zaidi ya salamu yalikuwa ya kuhesabika. Kumkuta mama wa watu amelala, mguu juu, shuka limepanda, lilikuwa jambo ambalo hakutaka hata kulifikiria. Akirudi alisimama nje ya pazia na kukohoa kwanza.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mkwe. Umerudi?"

"Nimerudi. Unahitaji chochote?"

"Sihitaji, baba. Pumzika."

Basi. Yeye aliingia jikoni, mama akabaki na dari yake.

Mama mwenyewe hakuona ajabu kuzungumza na mtu asiyemwona. Alikuwa mstaafu wa kituo cha simu, wa enzi zile ambazo ukitaka kuongea na mtu wa mji mwingine sharti uombe kuunganishwa. Ujana wake wote ulipita mbele ya ubao wa matundu na waya, akichomeka hapa na kuchomoa pale, akiuliza "Namba gani?" na "Umempata?" Sauti za watu alizijua kuliko sura zao. Majirani zake mpaka leo walimwita Mama Simu. Kilichomsumbua hakikuwa pazia. Kilichomsumbua alikitaja mwenyewe siku moja, mkwe wake alipokuwa ameshageuka kuondoka.

"Mkwe, hii dari yenu nimeimaliza."

Akasimama. "Umeimaliza vipi, mama?"

"Nimeisoma yote. Pale kona ya dirishani kuna doa la maji lenye umbo la kiatu. Ubao wa katikati umepakwa rangi mara moja, wenzake mara mbili. Misumari ya upande wa mlango imepigwa na mtu aliyekuwa na haraka. Sasa sina kingine cha kusoma."

Fundi akacheka bila kutaka. Ile misumari aliipiga yeye.

Televisheni isingemsaidia, maana mtu aliyelala chali akitazama televisheni anapata shingo mbovu juu ya mguu mbovu. Lakini wazo la dari lilimganda fundi kichwani. Dukani kesho yake, mikono ikisaga, akili ilikuwa nyumbani. Kwenye droo alikuwa na kishikwambi cha zamani kilichopasuka kioo cha juu, ila picha yake bado safi. Lenzi zilizokataliwa kwa sababu ya mikwaruzo ya pembeni alikuwa nazo tele. Aliwahi kusikia kwamba ukibandua ile ngozi inayong'aa nyuma ya skrini, skrini inabaki kama kioo cha rangi kinachopitisha mwanga. Ukiweka taa kali nyuma yake na lenzi mbele, picha inaruka mpaka ukutani. Lenzi alizijua. Mengine alijifunza kwa kuunguza vidole.

Boksi alilitengeneza kwa mbao za kabati lililokufa. Chini akafunga taa ya LED juu ya kipande cha alumini chenye mapezi ya kupozea, juu yake skrini ikalala kama sinia, na juu kabisa lenzi, ikitazama dari. Taa ile ilikuwa na joto la kukaangia yai. Akachukua feni ndogo kutoka kwenye kompyuta mbovu, akaifunga ubavuni ivute hewa ya moto na kuitupa nje, na upande wa pili akatoboa matundu ili hewa mpya iingie.

Mkewe ndiye aliyelipeleka boksi chumbani na kuliweka juu ya stuli kando ya kitanda. Fundi alibaki nje ya pazia akitoa maelekezo, zungusha hapa, sogeza pale, kama mtu anayeegesha gari la mwenzake. Kisha akasikia mama mkwe akivuta pumzi.

"Picha imetoka?" aliuliza.

"Imetoka," alisema mkewe. "Mama amenyamaza. Hilo ni jambo kubwa."

Alichotaka kutazama Mama Simu hakikuwa filamu wala mpira. Alitaka miji. Miaka yote ile alikuwa ameunganisha watu na miji ambayo hakukanyaga, na kila mji alikuwa akiujua kwa sauti ya opareta wa upande wa pili. Mmoja alikuwa na kikohozi cha kudumu. Mwingine alikuwa akitafuna kitu zamu nzima. Na kulikuwa na mama mmoja, wa mji wenye mnara wa saa, ambaye kabla ya kuunganisha alikuwa akisema "Nakupa laini, dada yangu, itunze," mpaka wakawa marafiki bila kuonana hata siku moja. Siku hizi watu hutembea mitaani na kamera mkononi, wanapiga video za saa nzima bila kusema neno, wanaziweka kwenye mtandao. Binti yake alimtafutia hizo, na Mama Simu akawa anatembea kwenye miji yake akiwa amelala.

Siku ya tatu au ya nne hivi, fundi alipokohoa nje ya pazia, hakupata hata nafasi ya kusalimia.

"Mkwe, kuna mdudu juu ya mnara."

"Mdudu gani, mama?"

"Mweusi, ana miguu kama mitatu. Nilifikiri ni kunguru wa mji ule. Lakini mwenye kamera amekata kona, mnara umeondoka, mdudu amebaki palepale. Sasa yuko juu ya basi."

Fundi akaweka mfuko wake chini. Hili lilikuwa swali la kazi yake, na kwenye maswali ya kazi haya yake ilipungua.

"Kingo zake zimekolea au zimefifia?"

"Zimekolea. Ningeweza kumchora."

"Basi ni vumbi, na liko juu ya skrini yenyewe. Vumbi likikaa kwenye lenzi hulioni, picha inakuwa na ukungu kidogo tu. Likikaa kwenye skrini linaonekana kama sehemu ya picha, tena limekuzwa."

"Kwa hiyo huyu mdudu ni mdogo kiasi gani?"

"Mdogo kuliko uwezavyo kumwona kwa macho."

Mama akatafakari. "Kumbe ninaona vitu ambavyo watu wazima wasio na plasta hawavioni."

Mkewe aliporudi alilitoa boksi, fundi akalifungua, akapuliza, akafuta kwa kitambaa cha miwani, akafunga. Kesho yake mama aliripoti kuwa mdudu ameondoka lakini wamekuja ndugu zake. Siku iliyofuata kukawa na unywele uliojikunja kama alama ya kuuliza katikati ya barabara. Fundi akawa kila jioni anafungua boksi na kulifunga, na kila akilifungua, vumbi la mezani nalo lilipata bahati ya kuingia.

Akajikuna kichwa. Skrini imelala chali kama mama mwenyewe, na kitu kilicholala chali ni sinia la vumbi. Kwa hiyo akalisimamisha boksi wima, skrini ikasimama kama ukuta, na mbele ya lenzi akaweka kipande cha kioo cha kujitazamia kilichoinama, kiutupe mwanga juu darini. Alijisifu kimoyomoyo. Mkewe akalirudisha chumbani, akawasha.

"Mkwe," mama aliita kutoka ndani, "mji huu wanaandika kwa lugha gani?"

Fundi akajipiga paji la uso. Kioo kimegeuza herufi zote nyuma mbele, na yeye, mtu wa vioo, hakukumbuka. Mama kwa kweli hakutaka irekebishwe haraka. Alasiri yote ya kesho yake alisoma mabango ya maduka kinyumenyume na kumtangazia mkwe wake kupitia pazia, na mkwe naye, huku akimenya viazi jikoni, alijikuta anayageuza kichwani na kujibu. Jioni yake akaigeuza skrini ndani ya boksi na herufi zikarudi sawa.

Vumbi lilipungua. Halikuisha. Sasa halikuwa likianguka tu, lilikuwa likirushwa na kunata. Fundi akaona dawa ni moja: kuziba. Akachukua kitambaa kizito cha pamba, akakikunja mara mbili, akakigandisha juu ya matundu yote ya hewa. Nyufa za mbao akazipaka gundi, ila zile za kifuniko hazikuzibika vizuri kwa sababu lazima kifunguke. Alipomaliza, boksi lilikuwa limefungwa kama zawadi.

Alasiri iliyofuata alikuwa jikoni aliposikia sauti tulivu.

"Mkwe, katikati ya mji kumeingia giza."

"Kama kivuli?"

"Kama chai iliyomwagika kwenye kitambaa cha meza. Inakua. Imeanza kwenye duka la matunda, sasa inakaribia stendi."

Akakimbilia kwenye pazia. "Mama, zima. Chomoa waya uliopo upande wako. Usiguse boksi."

Akasikia waya ukichomolewa. Harufu ya vanishi iliyopashwa moto ilipenya pazia. Alisimama pale, mkono umeshika ukingo wa pazia, hajui aingie au asiingie.

"Nimezima," alisema mama. "Nimeiua?"

"Sijui. Skrini ya namna hii ikipata joto kupita kiasi inakuwa nyeusi. Ikipoa, wakati mwingine inarudi."

"Na wakati mwingine?"

"Hairudi."

Wakasubiri, kila mmoja upande wake wa pazia. Mama akauliza kwa nini inakuwa nyeusi badala ya kuyeyuka. Fundi akamweleza alivyoelewa: ndani ya skrini kuna kimiminika ambacho chembe zake zimejipanga kama watu kwenye foleni, na joto likizidi foleni inavunjika. Mama akasema ameshawahi kuona foleni ya namna hiyo, siku laini zote za kituo zilipokatika kwa pamoja. Akasimulia. Wateja walivyopanda kaunta, mkuu wa kituo alivyojificha chooni. Fundi akacheka mpaka akakaa chini, mgongo ukutani. Alipokumbuka kumwambia mama awashe tena, giza lilikuwa limetoweka na stendi imerudi mahali pake.

Kitambaa kilitolewa siku hiyohiyo. Vumbi likarudi kana kwamba lilikuwa likisubiri nje.

Ikawa sasa ni mvutano. Ukiacha matundu wazi, wadudu wanajaa juu ya mnara. Ukiyaziba, mji unaungua. Fundi alijaribu kitambaa chepesi, akajaribu sponji, akajaribu soksi ya mkewe bila kuomba ruhusa, kosa ambalo lilisemwa mezani kwa siku kadhaa. Kila kilichozuia vumbi kilizuia hewa. Ili wasishtukizwe tena, alimwomba mkewe abandike kipande chembamba cha karatasi mbele ya feni, pale hewa inapotokea. Kikicheza, hewa inapita. Kikining'inia kama ulimi wa mbwa mwenye kiu, mama azime. Mama Simu aliichukua kazi hiyo kwa uzito wa mtu aliyewahi kukesha akitazama vitaa vya ubao wa simu.

Ni katika kukitazama kikaratasi hicho alipoona jambo lingine. Chumba kilikuwa na giza, mapazia ya dirishani yamefungwa, na mwanga wa boksi ulipanda kuelekea darini kama nguzo. Ndani ya nguzo ile vumbi lilielea. Kwa muda mrefu alilitazama bila kulifikiria, kama mtu anavyotazama mvua. Kisha akaanza kulifuata kwa macho, punje moja moja.

Fundi aliporudi siku hiyo, alikuta anasubiriwa.

"Mkwe, wewe unaziba mlango wa mbele na vumbi lako linapita dirishani."

"Kivipi?"

"Siwezi kukueleza. Lazima uone."

Fundi alitazama lile pazia la buluu kana kwamba ndiyo kwanza limetundikwa.

"Mama, labda tumsubiri…"

"Mkeo akija kutakuwa na chakula, na maji ya kuoga, na habari za watoto waliomwaga rangi. Nimejifunika mpaka kidevuni. Ingia, mwanangu."

Alikohoa, akasema hodi kwa mara nyingine, akaingia ameinamisha macho. Mama mkwe alikuwa amejifunika kweli, plasta yake imevikwa kanga safi, nywele zimefungwa kitambaa. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Hilo lilimshangaza fundi. Wiki zote hizo alikuwa akimwona kichwani mwake mama mkubwa wa mwili.

"Kaa pale sakafuni, upande ule wa boksi. Sasa tazama chini ya kifuniko, usitazame darini."

Akakaa. Mwanzoni hakuona kitu. Macho yalipozoea giza, akaona punje za vumbi zikielea polepole juu ya blanketi, zikisogea, na zilipofika karibu na ufa wa kifuniko zikaongeza mwendo, zikapotea ndani.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Kila mahali penye ufa ni hivyo. Matundu yako yana haki yao, lakini nyufa nazo zinakula."

Fundi akainuka, akaleta dawa ya mbu ya kuwasha, akaiwasha, akaupitisha moshi wake taratibu kando ya boksi. Mbele ya kifuniko moshi ulipinda na kuingia. Mbele ya kona ya nyuma ukaingia. Pale waya unapopita, ukaingia kama uzi kwenye tundu la sindano. Alirudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kwa raha tu ya kuona hewa. Mama alinyanyua shingo kutoka kwenye mto.

"Inavutwa," alisema.

"Inavutwa na feni. Feni inatoa hewa nje, ndani kunakuwa na upungufu, basi boksi linanyonya kutoka popote linapoweza. Hata nikiweka chujio zuri kwenye matundu, litanyonya kwenye nyufa zisizo na chujio. Tena litazipenda zaidi, kwa sababu hazina kizuizi."

"Na feni ikigeuzwa?"

Fundi alibaki na dawa ya mbu mkononi, majivu yakianguka kwenye suruali.

"Ikigeuzwa iwe inasukuma hewa ndani," mama aliendelea, "si nyufa zote zitakuwa zinatema?"

"Zitakuwa zinatema," alisema fundi polepole. "Na kitu kinachotema hakimezi."

Feni iligeuzwa jioni ile mezani, kwa bisibisi moja. Sasa hewa iliingia kwa mlango mmoja tu, pale kwenye feni, na kutoka kwa matundu na kwa kila ufa. Nyufa ambazo zilimkosesha raha zikageuka kuwa wasaidizi wake, na hakuzigusa tena. Lililobaki lilikuwa chujio la mlango ule mmoja. Alipata kitambaa cha barakoa za hospitali, ambacho kinashika hata vumbi la unga, akakitandaza juu ya feni. Kikaratasi, ambacho sasa kilihamishiwa kwenye matundu ya upande wa pili, kikatikisika kidogo, kikanywea. Kitambaa kilikuwa kizuri mno kwa kazi yake, na hewa haikupita ya kutosha.

Safari hii hakusubiri kuitwa. Alikohoa, akaingia na boksi mkononi, akakaa sakafuni.

"Tunataka kitambaa kikubwa," alisema. "Kikiwa kikubwa, hewa inapata nafasi ya kupita kidogokidogo kila mahali. Lakini kikubwa kitakaa wapi? Feni yenyewe ni kama kiganja."

Mama alitaka kushika kitambaa. Akakivuta, akakinusa, akakipitisha mbele ya mdomo na kupuliza. Kwanza alipendekeza kishonwe kama mfuko wa mto, ukae unaning'inia nyuma ya boksi. Wakakijaribu kwa sindano na uzi. Feni ilipowashwa ikaunyonya mfuko, ukajibandika kwenye mapanga yake na kuanza kulia kama nzi aliyenaswa. Wakautoa. Mama akachezea kona ya kanga.

"Sketi yangu ya kazini," alisema baadaye, "ilikuwa ya marinda. Ikining'inia ukutani utadhani ni ya mtoto. Ukiizungusha, inajaza chumba."

Fundi alikuwa ameshaanza kukikunja kitambaa, mbele, nyuma, mbele, nyuma.

Walikaa hivyo mpaka mkewe akarudi kutoka kazini. Alifungua pazia akakuta mumewe amekaa sakafuni kama mwanafunzi wa chekechea, mama yake akipiga marinda kwa kucha na kumpokeza, na mume akiyabana kwa vipande vya mkeka uliochakaa ili yasilale. Hawakumsikia. Alisimama pale, mkoba begani, kisha akarudi nyuma taratibu na kwenda kujipikia chai.

Marinda yalikaa kwenye fremu ya mbao iliyozibwa kandokando kwa gundi. Feni ikawashwa. Kikaratasi kikainuka, kikacheza, hakikukoma. Waliacha taa iwake muda mrefu, fundi akigusa boksi kila baada ya muda kama mzazi anayegusa paji la mtoto mwenye homa. Vuguvugu, basi. Moshi wa dawa ya mbu ulipopitishwa kwenye ufa wa kifuniko ulirudishwa nyuma, ukamjia fundi usoni, akapiga chafya.

Siku zikapita na dari ikabaki safi. Mama Simu alirudi kwenye mji wa mnara wa saa, ile video ya kwanza kabisa, ambayo hakuwa ameimaliza kwa sababu ya wadudu. Fundi alikuwa amekaa kwenye stuli, maana sasa alikuwa na stuli yake mle ndani. Mwenye kamera alishuka mtaa mpana, akakata kushoto, na mama akasema, "Simamisha."

Lilikuwa jengo la ghorofa, madirisha membamba, na juu ya mlango alama ya simu iliyochongwa kwenye saruji. Chini yake lilitundikwa bango jipya.

"Zamani pale palikuwa na mdudu," alisema mama. "Nilipita mbele ya jengo hili mara ngapi sijui, sikuliona." Akalitazama. "Ndipo alipokuwa akifanya kazi yule wa 'itunze, dada yangu'. Alikuwa akiniambia kituo chao kina madirisha membamba kama ya gereza. Nilidhani anapiga chuku."

"Bango linasema nini?" aliuliza fundi, ingawa aliliona.

"Wanauza magodoro."

Fundi akaiacha picha isimame palepale.

"Alipenda kulala zamuni yule," alisema mama hatimaye, akacheka, akafuta jicho kwa ncha ya kanga. "Endelea. Tuone kona ile kuna nini."

Plasta ilikatwa mwisho wa mwezi uliofuata. Mguu ulitoka mwembamba na wa rangi nyingine, na Mama Simu akapewa fimbo ya kutembelea na mazoezi asiyoyapenda. Kutoka kitandani mpaka mlangoni, basi. Zaidi ya hapo alisema mguu si wake, amekopeshwa tu. Binti yake alibembeleza, akanuna, akabembeleza tena.

Jumamosi moja asubuhi fundi alikuwa na boksi mezani sebuleni, akibadilisha chujio. Yale marinda yaliyokuwa meupe yalikuwa yamegeuka kijivu. Alikuwa ameshayashika kuyatupa aliposikia fimbo. Mama mkwe alikuwa amesimama ukingoni mwa pazia.

"Usitupe. Nataka kuona nilichokuwa nakiona."

Fundi akamvutia kiti. Mama akafika, hatua ndogo ndogo, akakaa akihema. Fundi akatandaza chujio juu ya karatasi nyeupe na kumpa ile lenzi ndogo ya kukuzia anayoitia jichoni akikagua mikwaruzo. Mama alihangaika nayo, akaipata, akainama.

Alikaa ameinama kwa muda mrefu.

"Ni nyuzi," alisema. "Mimi nilifikiri vumbi ni udongo. Hapa kuna nyuzi za buluu tele."

"Pazia lako."

"Nyeupe ni shuka. Hizi nyekundu ni kanga yangu. Hiki kama kipande cha kioo?"

Fundi akatazama. "Ni bawa la mdudu. Kipande chake."

"Na hii ya kijani?"

Akatazama tena. Zilikuwa nyuzi kadhaa, kijani kibichi, zimejikunja kama majani machanga. Akamwita mkewe, naye akatazama. Wakaulizana. Blanketi si la kijani. Nguo za mke, hapana. Shati la fundi, hapana. Taulo, hapana.

"Nyumba hii haina kitu cha kijani cha namna hii," alisema mkewe.

"Kipo," alisema Mama Simu. "Hewa haikuzitoa mbinguni."

Akajiinua kwa fimbo kabla mtu hajamshika mkono. Akaenda mpaka kabatini, akafungua, akatazama, akafunga. Akaenda jikoni, akakagua vitambaa vya sufuria kimoja kimoja. Akaenda kwenye chumba cha kulala cha wenye nyumba, bintiye akimfuata nyuma akitaka kusema kitu, na fundi akaweka kidole mdomoni kumwashiria mkewe amwache. Mama akarudi na mikono mitupu, akasimama katikati ya sebule, jasho kwenye paji la uso, akitazama dirisha la chumba chake kupitia pazia lililoachwa wazi.

"Upepo unatokea upande gani, mkwe?"

"Alasiri unatokea mtaani. Upande ule wa kibanda cha fundi wa kushona viti."

"Anashona viti vya rangi gani?"

Fundi miwani hakujua. Alipita pale kila siku na hakuwahi kutazama.

"Basi niletee viatu," alisema mama mkwe, akielekea mlango wa nje.